Feruzi ya Mwanapili

Mwanapili hajui kukaa. Nimekuwa jirani yake tangu tulipoolewa sote mtaa mmoja hapa Msambweni, na sijapata kumwona akimaliza kikombe cha chai bila ya kuinuka. Atapiga funda moja, atakwenda kufukuza kuku, atarudi, atapiga la pili, kisha atakumbuka nguo zilizoanikwa. Chai yake huishia kunywewa na mimi, ikiwa imepoa. Nayasema haya mapema ili ijulikane kwamba wasiwasi wake haukuletwa na jiwe. Jiwe lilimkuta nao.

Kazi yake ni kukanda wazazi. Mwanamke akijifungua, kwetu hukaa ndani arubaini yake, na Mwanapili ndiye anayekuja asubuhi na maji ya moto na chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika mwenyewe, akamkanda kiuno na tumbo na mgongo mpaka mwili urudi mahali pake. Vidole vyake vina masikio. Siku moja alinishika kifundo cha mguu akaniuliza nilianguka kutoka wapi nilipokuwa msichana. Nilianguka mkoroshoni, na hakuna aliyejua isipokuwa marehemu mama yangu. Tangu siku hiyo sipendi anishikeshike ovyo.

Mumewe Mbarak alifariki zamani na kumwachia mtoto mmoja, Abdurahman. Mtoto amekuwa mtu mzima, akaenda Maskati, na huko akapata kazi ya kuendesha gari la maji, yale malori yenye tangi mgongoni. Tajiri wake alikuwa amempenda. Alimwahidi kwamba akimaliza mwaka ule bila ya kuomba ruhusa, atamtoa barabarani amweke ofisini, awe yeye ndiye anayewapangia madereva wenzake safari. Mtaa mzima tuliijua ahadi hiyo, kwa kuwa Mwanapili aliitangaza mpaka kwa wauza samaki.

Kabla ya Ramadhani, mtu wa Funzi aliyekuwa akirudi kutoka huko alipewa na Abdurahman kifurushi kidogo amletee Mwanapili. Ndani mlikuwa na pete ya fedha yenye jiwe la feruzi.

Feruzi ni neno ambalo watoto wetu wanalipoteza. Mwulize kijana wa leo rangi ya maji ya Diani pale ndani ya mwamba, bahari imejaa na jua li utosini, atakwambia ni buluu, au samawati ikiwa amesoma, au atakutajia neno la Kizungu la hotelini. Wageni wanapanda ndege kuja kuitazama rangi hiyo, wanaipiga picha na kwenda nayo kwao, na sisi tunaoamka nayo kila siku tumelisahau jina lake. Ni feruzi. Ni rangi isiyotulia, leo inaelekea buluu, kesho inaelekea kijani, na ukiikodolea macho huwezi kusema iko upande gani. Nilipoiona pete nilimtania Mwanapili kwamba mwanawe amempatia jiwe la tabia yake.

Katika ukoo wao neno hilo halikupotea, kwa sababu babu wa babu yake aliitwa Feruzi. Hilo si jina alilopewa na mamake. Zamani watu waliouzwa walibandikwa majina ya vitu vya thamani, Feruzi, Almasi, Marijani, na waliowabandika hawakuona haya. Babu huyo aliletwa pwani akiwa mtoto, na jina la kwao likampotea. Ni jambo wasilolizungumza mbele za watu. Lakini Mwanapili aliwahi kuniambia, tukipepeta mchele, "Zainabu, mimi humfikiria yule mama yake. Mwana alitoka asirudi, na hakuna aliyekwenda kumwambia alifika wapi." Nilimkemea aache kuwalilia watu ambao hata makaburi yao hatuyajui. Yeye akaendelea kupepeta.

Pamoja na pete, Abdurahman alituma sauti kwenye simu. Nilikuwapo tulipoisikiliza. Alisema, "Mama, nimeliona jiwe hili sokoni Matraha nikakumbuka jina la babu. Mwenye duka anasema lina siri yake. Ukipewa na mtu anayekupenda, linabaki na rangi yake maadamu mtu huyo yu mzima. Akipatwa na jambo, linageuka." Kisha akacheka, kama mtu anayeyabeba maneno ya muuza duka bila ya kuyatia moyoni. Angejua yatakwenda kukaa kwa nani, angeyameza.

Mwanapili aliifunga pete ndani ya pamba mpaka siku ya Idi ndogo. Siku hiyo akavaa kanzu mpya, akatia pete kidole cha kati cha mkono wa kulia, akaja kwangu tumpigie mwanawe simu ya picha. Abdurahman alipokea, lakini tulichokiona kilikuwa pua na paji la uso tu. Nikamwuliza, "Mbona umeikaribia simu hivyo, mwanangu, wataka kuimeza?" Akasema mtandao mbaya, akiiweka mbali hatusikii. Akatutakia Idi njema, akauliza habari za pilau. Mwanapili alinyoosha kidole mbele ya simu. Jua lilikuwa linaingia mlangoni, na jiwe lilikuwa la feruzi hasa, bila doa, nikalisifu mimi mwenyewe kwa sauti. Asubuhi yake Mwanapili aliniambia amelala usingizi mzito ambao hakuupata tangu mwana aondoke, hata adhana ya alfajiri nusura impite.

Baada ya Idi akarudi kazini, na pete haikumtoka kidoleni. Aliosha nayo, alikandia nayo, alilala nayo. Wa kwanza kuligundua jambo hakuwa yeye. Alikuwa Purity, msichana wa bara anayefanya kazi hotelini Diani, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza na kumtafuta Mwanapili kwa sababu wenzake wa pwani walimwambia asikose. Alikuwa amelala kifudifudi anakandwa, akageuza shingo.

"Mathe," akasema, "kwani hii pete yako inaoza? Juzi si ilikuwa blue poa?"

Mwanapili aliniambia kwamba aliacha kukanda palepale. Alitoka nje na kulitazama jiwe kwenye jua. Pembeni, pale linapokutana na fedha, palikuwa na uzi wa kijani.

Hapo ndipo taabu yetu ilipoanza. Nasema taabu yetu kwa kuwa ua wangu na wake ni mmoja, na mtu asiyelala upande ule hamwachi wa upande huu alale. Alimpigia simu Abdurahman hapohapo. Akasema yu mzima. Alimpigia tena jioni. Yu mzima. Siku zilizofuata alimpigia kijana akiwa njiani barabarani, gari likiwa limesimama, akiwa msikitini, na kila mara swali lilikuwa moja na jibu moja. "Ni mzima, mama, alhamdulillahi." Baadaye kijana akaanza kujibu kwa uchovu, na uchovu wenyewe Mwanapili akauchukua kuwa dalili.

Na jiwe halikusimama. Uzi ukawa ukanda. Sasa wewe utafanya nini, mtu wa pwani, ukiona kitu kinaharibika? Nywele zikikauka tunapaka mafuta ya nazi. Ngozi ikipauka, mafuta ya nazi. Bawaba ya mlango ikilia, kitasa kikishika, mtoto akishikwa na kifua, yote ni chupa ileile. Mwanapili akaona jiwe limekauka kwa upepo wa chumvi. Kila jioni akawa analipaka mafuta ya nazi kwa kitambaa cha pamba, taratibu, huku akisoma dua alizozijua. Likipakwa linang'aa kidogo, naye anapumua. Asubuhi linaamka kijani zaidi, naye anaongeza mafuta. Mimi nilikuwa nikimtazama na wala halikunijia akilini neno la kumwambia, kwa sababu hata mimi ningelipaka.

Alikonda. Alikubali kazi kila upande, Milalani, Bomani, mpaka Kibuyuni alifika, kwa kuwa akikaa nyumbani alikuwa anafagia ua uliokwisha fagiwa. Nilikasirika naye. Nilimwambia, "Mwanapili, kile ni kijiwe. Mtoto amekwambia mwenyewe kwa kinywa chake kuwa ni mzima. Wamwamini nani?"

"Mtoto ana kinywa, anaweza kunificha," akanijibu. "Jiwe halina."

Siku jiwe lilipogeuka lote, likawa rangi ya mwani uliotupwa ufuoni, alikuja kwangu ameishika simu. Hakuniomba shauri. Alibonyeza mbele yangu akasema kwa sauti aliyoidhoofisha makusudi, "Abdurahman, mwanangu, mama yako mgonjwa. Mwili umenikataa. Njoo unione, nisije nikafa na hamu yako."

Nilimpokonya simu nikiwa nimechelewa. "Una wazimu," nikamwambia. "Mtoto kabakiwa na miezi michache aingie ofisini, nawe wamvunjia kazi kwa uongo."

"Kazi atapata nyingine," akasema. "Zainabu, mimi sitakaa hapa kama yule mama, ningoje watu waje wasinambie."

Nilimjua anayemsema, mama wa yule babu Feruzi. Lakini moyoni sikumsamehe. Nilimwona kama mtu anayechoma nyumba ili apate kuona ndani.

Abdurahman aliomba ruhusa. Tajiri akamwambia akiondoka nafasi atapewa mwengine, wala asitazamie kuirudia. Akaondoka. Alifika Msambweni mchana, ameshika begi moja kwa mkono wa kushoto, amenenepa mashavu, shati limepigwa pasi. Alikuta mama yake mgonjwa yuko juu ya kigoda anaangua papai kwa upondo.

"Shikamoo, mama," akasema, na begi likamwanguka.

Mwanapili alishuka akamkumbatia, akamshika uso, akamgeuza kama mtu anayechagua tikiti. Alilia. Na mimi nililia, kwa kuwa mtoto ni mtoto, kisha nikaenda kuweka chai. Nilipokuwa jikoni nikasikia sauti yake imepanda. "Mgonjwa wa nini, mama? Niambie, mgonjwa wa nini?" Mwanapili hakuwa na uongo wa pili. Akamwonyesha pete.

Siku ya pili tulikwenda Ukunda sote watatu kwa sonara, Mzee Iddi, ambaye watu wa kusini humpelekea vidani vyao tangu alipokuwa na nywele. Abdurahman ndiye aliyeshika njia. Alitaka Mzee Iddi amwambie mamake mbele ya shahidi kwamba mwanawe ameuziwa kioo, limalizike. Mzee alilitazama jiwe, akalinusa, akatabasamu.

"Hii ni feruzi ya kweli," akasema. "Ingekuwa ya bandia isingegeuka. Jiwe hili lina vitundu vidogo, macho hayavioni, na kila unachokipaka linakinywa. Bibi, wewe wafanya kazi gani?"

"Nakanda wazazi," Mwanapili akasema kwa sauti ndogo.

"Kwa mafuta ya nazi?"

"Kwa mafuta ya nazi."

"Basi limeshiba," Mzee Iddi akasema. "Naweza kulisugua juu, lakini litapungua na huenda lisirudi kama lilivyokuwa. Ukilipenda hivi, ivae. Ila ukishika mafuta, ivue."

Nilicheka. Nakiri nilicheka sana, kwa kuona jinsi tulivyolishibisha jiwe kila jioni na kulisomea dua. Nilipogeuka kumtafuta mwenzangu wa kucheka naye, Abdurahman alikuwa amekwisha toka dukani.

Tulimkuta nje amesimama kwenye jua. "Umenitoa kazini kwa mafuta ya nazi," akamwambia mama yake. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha. Njia nzima ya kurudi, mtu akitusalimia mimi ndiye niliyeitikia kwa niaba ya wote.

Nyumba ile ikawa na baridi. Mwana alikuwa akitoka asubuhi kwenda kukaa barabarani na vijana wa bodaboda, akirudi anakula na kulala. Mama alikuwa akimpikia kila alichokipenda alipokuwa mdogo, akimwekea mezani, kisha anakimbia jikoni asije akaonekana anangoja asifiwe. Sasa hofu ilikuwa imemtoka, lakini aibu ikashika nafasi yake, na aibu kwake yeye ilikuwa na miguu kama hofu. Alitembea. Alitembea ndani ya ua ule mpaka nikamwonea huruma, mimi niliyekuwa nimeapa sitamwonea.

Ila macho yake hayakuacha kazi. Nami yangu pia. Abdurahman alikuwa anachota maji kwa mkono wa kushoto. Alivaa shati kwa kuanza na mkono wa kulia, polepole, kama wazee. Siku kamba ya chandarua ilipokatika, alivuta kiti akapanda juu yake kuifunga mahali ambapo mtu wa urefu wake angeifikia akiwa chini. Mwanapili aliyaona hayo akiwa mlangoni na sahani mkononi. Aliiweka sahani chini.

"Vua shati," akamwambia. "Nenda kalale ukumbini, juu ya mkeka."

"Sina kitu, mama. Ni uchovu wa safari."

"Basi nitakanda uchovu."

Nilikuwa kizingitini na mbuzi yangu, nakuna nazi, na nilidhani atakataa. Alikuwa bado ana hasira. Lakini kuna sauti ambayo Mwanapili huitumia kwa wazazi wanaolia uchungu, na akiitoa hiyo hakuna mtu mzima asiyeitii. Kijana akalala kifudifudi na kikoi chake. Mama akaleta chupa. Akaiangalia pete kidoleni, akasita, kisha kwa mara ya kwanza tangu siku ya Idi akaivua. Aliitia kwenye kisosi cha chai, ikalia, naye akamimina mafuta viganjani.

Alianza mabegani. Akashuka taratibu, akipita kila mahali kwa zamu, na mimi nikaona mgongo wa kijana unavyolegea, nikajua hasira nayo inalegea. Kisha vidole vikafika ubavuni, chini ya bega la kulia, vikasimama. Vikarudi nyuma. Vikapita tena mahali palepale. Sikuona jeraha lolote, ngozi ilikuwa safi kabisa. Lakini Mwanapili alikuwa amefumba macho kama afanyavyo anapokuwa hana haja nayo.

"Mbavu mbili," akasema. "Zimeungana vibaya."

Abdurahman alitaka kuinuka, mama akamrudisha chini.

"Ulianguka?"

"Nilikuwa nafunga kifuniko cha tangi," akasema, uso ukiwa mkekani. "Kulikuwa na maji. Niliteleza. Sikutaka tajiri ajue, angesema sifai, akampa ofisi mwengine. Na wewe ningekwambia nini? Ungelala?"

Mikono ya Mwanapili ilikuwa bado juu yake. "Lini?"

Kijana akavuta pumzi. "Mkesha wa Idi. Uliponipigia unionyeshe pete nilikuwa kitandani kwa rafiki yangu, nimefungwa kifua kizima. Ndiyo maana niliishika simu karibu na uso. Nisingeweza kuiweka mbali, ungeona."

Nazi ilinitoka mkononi. Niliiona Idi ile mbele yangu, pua imeijaza simu, mimi namtania kwamba ataka kuimeza, na jiwe kidoleni mwa mama yake likiwa la feruzi safi, kuliko siku zote. Usiku ule ndio Mwanapili aliolala. Miezi yote iliyofuata, mwana alipokuwa akipona, ndipo alipokuwa akizunguka ua.

Nilimtazama nikitegemea kilio. Hakulia. Alikaa. Nataka nilieleze hili vizuri, kwa kuwa nilikuwa sijapata kuliona. Alikaa kitako kando ya mwanawe, miguu ameinyoosha, mikono yenye mafuta ameiweka mapajani, na akabaki hivyo muda mrefu bila ya kukumbuka nguo wala kuku. Kisha akasema, si kwangu wala kwa mwana, "Kumbe mimi nililala." Akamimina mafuta mengine, akaendelea na kazi.

Alimkanda kila siku mpaka mkono ukafika kambani bila ya kiti. Ofisi ya Maskati ilipotea, na kwa hilo Abdurahman alimsamehe mama yake kidogokidogo, jinsi mtu anavyosamehe akiwa analishwa vizuri. Sasa anaendesha lori la kubeba mizigo kupitia Lunga Lunga mpaka Tanga, na wakati mwingine anavuka na kukaa huko siku nyingi. Pete Mwanapili anaivaa Ijumaa, kijani vilevile, na akiulizwa ni jiwe gani anasema ni feruzi, wala haongezi neno.

Wasiwasi haukumwacha, hilo nisikudanganye. Chai yake bado naimaliza mimi. Lakini hamwulizi tena mwanawe kama ni mzima. Simu ya picha ikilia, hata salamu hajaipokea, mimi humsikia kutoka upande wangu wa ua akisema, "Iegemeze simu mahali, Abdurahman. Rudi nyuma. Rudi tena, nikuone wote. Haya, sasa nyanyua mkono wa kulia."